Kuku Wangu Amepauka Upanga na Kunyonyoka Kifua: Anaumwa?

SWALI: Mimi ni mfugaji wa kuku wachache wa kienyeji hapa Kitangari, Newala. Nina mtetea mweusi aliyetaga mayai 13, kisha akaanza kuyalalia. Leo ni siku ya 11. Upanga wake uliokuwa mwekundu umesinyaa na kupauka. Kifuani manyoya yamenyonyoka mpaka ngozi inaonekana, nyekundu na ya moto. Anakula mara moja tu kwa siku, na siku nyingine simwoni akila kabisa. Akitoka anatoa kinyesi kikubwa kinachonuka vibaya mno, na nikimbeba naona amekuwa mwepesi. Mama mkwe anasema ni mdondo unaanza, tumchinje kabla hajawaambukiza wenzake. Jirani anasema tumtumbukize kwenye ndoo ya maji apoe joto, arudi kutaga. Naomba unieleze anaumwa nini, na je, atataga tena?

JIBU: Dada yangu, weka kisu chini, na ndoo pia iweke kando. Kwa maelezo uliyotoa kuku wako haumwi. Upanga kupauka, kifua kunyonyoka, ngozi kuwa ya moto, kukosa hamu ya kula, kile kinyesi, hata uzito kupungua, yote ni kazi ya mwili wake mwenyewe, na kila kimoja kina sababu. Nitakueleza kwa kirefu, maana nimeona kuku wazuri wakichinjwa kwa kosa hilihili, na mayai yao yakatupwa yakiwa yamebakiza siku chache. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu. Hofu yake ina msingi. Mdondo umemaliza mabanda mazima huku kwetu, na mtu aliyewahi kuamka akakuta kuku wote wamelala chini halaumiwi kwa kushtuka mapema. Nitaurudia mdondo huko mbele ili mwone pamoja tofauti yake.

Tuanze kabla hajakaa. Kuku anayetaga, mwili wake wote unafanya kazi moja. Mwanga wa mchana unauamsha ubongo, ubongo unaiagiza tezi ndogo iliyo chini yake, iitwayo pituitari, imwage homoni kwenye damu, na homoni hizo zinaikuza ovari. Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya upande wa kushoto. Ukimpasua kuku anayetaga unaiona kama kichala cha viini vya njano, vikubwa kwa vidogo, kila kimoja kinangoja zamu yake. Ovari nayo inatoa homoni zake. Estrojeni inakwenda kwenye ini, na ini linatengeneza mafuta na protini za kujaza kiini. Estrojeni hiyohiyo inalegeza nyonga ili yai lipate njia. Homoni nyingine za ovari zinaupanua upanga na kuujaza damu, ukawa mwekundu unaong'aa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu humtazama mtetea kichwani kwanza kabla ya kumpapasa kwingine. Upanga mwekundu unamwambia ovari iko kazini.

Sasa mayai yanaongezeka kiotani. Kwa kuku wetu wa kienyeji, yakifika 10 hadi 15, jambo linabadilika. Anayaona, na zaidi ya kuyaona anayagusa. Kila anapoingia kutaga anakawia kidogo zaidi kuliko jana, mpaka siku moja jioni inaingia na yeye hajatoka. Ngozi ya tumbo lake inapogusa mayai, mishipa ya fahamu inapeleka habari ubongoni, na ubongo unaiambia pituitari itoe homoni nyingine kabisa, prolaktini.

Jina hilo huenda umelisikia kliniki ya mama na mtoto. Ndiyo homoni inayoleta maziwa kwa mama aliyejifungua, na inachangia pia kumfanya mama anayenyonyesha sana akae miezi bila kuona siku zake. Kuku hana maziwa, lakini kazi ya homoni hii kwake inafanana na hiyo kwa namna ya kushangaza. Inazima maandalizi ya mtoto mwingine ili mwili umhudumie aliyepo. Mwaka 1935 mtafiti wa Marekani Oscar Riddle na wenzake walionyesha kwamba mtetea anayetaga akidungwa prolaktini huanza kuatamia. Tangu hapo imefahamika kwamba kuku akikaa kwenye mayai hajawa mkaidi wala hajachoka kutaga. Damu yake imebadilika.

Na mabadiliko hayo yanajilisha yenyewe. Mayai yakigusa tumbo yanaleta prolaktini, prolaktini inamkalisha kuku, naye akikaa anayagusa zaidi, prolaktini inazidi kupanda. Ndiyo maana anayelalia mayai viza hajui kwamba siku 21 zimepita. Mayai yapo, anayagusa, basi anakaa. Nachingwea nilimkuta kuku akiwa wiki ya sita juu ya mayai yaliyooza, amebaki mifupa, na mwenyewe anamsifu kwa uvumilivu. Ningekuwa na amri, ningeagiza kila mfugaji aandike ukutani kwa mkaa tarehe kuku alipokaa. Ile tarehe moja inaokoa kuku wengi kuliko dawa.

Prolaktini inapopanda, zile homoni za kukuza ovari zinashuka. Viini vilivyokuwa vinangoja zamu vinanywea, mwili unavifyonza na kuvirudisha kwenye damu. Mrija wa mayai, ambao kwa kuku mkubwa anayetaga hufikia sentimita 60 na zaidi, unasinyaa na kuwa mwembamba. Ukitaka kuhakikisha, pima kwa vidole. Kwa mtetea anayetaga, kati ya mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na tundu la kutagia vidole viwili au vitatu vinapita. Kwa huyu wako kitapita kimoja kwa shida. Na upanga, kwa kuwa ulikuwa unalishwa na homoni za ovari, umebaki bila mlishaji. Umesinyaa, umepauka, umelala. Hapo ndipo watu wengi wanadhani damu imekwisha mwilini. Damu ipo. Imehamia kwingine.

Imehamia kifuani, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndilo jambo linalonivutia kuliko yote.

Manyoya ya kuku ni blanketi. Yanazuia joto la mwili lisitoke. Kuku mwenyewe ana joto la nyuzi 41 hivi, na yai linataka nyuzi 37 na nusu hadi 38 ili kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, kikue. Lakini yai likiwekwa chini ya blanketi la manyoya, joto linabaki kwa mama na yai linabaki nje. Kwa hiyo prolaktini ikishirikiana na homoni za ovari zilizokuwepo kabla hazijashuka inalegeza manyoya ya kifuani na tumboni. Mengine yanadondoka yenyewe, mengine anayang'oa kwa mdomo, na utayakuta kiotani yamechanganyika na majani. Chini ya pale palipo wazi ngozi inanenepa, inakuwa laini, inavimba kidogo kwa maji, na mishipa ya damu inaongezeka na kupanuka. Anapokaa, anapanua manyoya ya pembeni, anajitikisa kidogo kushoto na kulia, na kuliweka lile eneo la ngozi tupu moja kwa moja juu ya maganda. Joto linapita kutoka kwenye damu ya mama kuingia ndani ya yai bila kizuizi.

Wekundu na umoto ulioushika kwa mkono ndio huo. Usipake mafuta ya taa, usipake majivu, usipake chochote. Na hiyo ngozi haipeleki joto tu, inapokea habari pia. Inahisi kama mayai yamepoa au yamepata moto, naye anakaza au analegeza mkao wake. Inahisi pia mkao wa mayai, na mara nyingi kwa siku utamwona anayageuza kwa mdomo, ya pembeni anayavuta katikati, ya katikati anayasukuma nje. Asipoyageuza, kiinitete changa hugandamana na utando wa ndani ya ganda na kufa. Kazi hiyo mashine ya kutotoleshea inafanya kwa mota na umeme. Mtetea wako anaifanya gizani, bila kufundishwa.

Nije kwenye chakula, kwa sababu najua hilo ndilo linakuumiza moyo. Kuku anayeatamia anakula kidogo sana, hata sehemu moja tu ya tano ya chakula chake cha kawaida, na hadi vifaranga watoke anaweza kupoteza asilimia 10 hadi 20 ya uzito wake. Watu hudhani anajinyima kwa sababu anaogopa kuacha mayai. Watafiti walilipima jambo hili kwa kuku wa porini wa Asia, ambao ndio mababu wa hawa wetu. Waliwawekea chakula palepale kiotani, wasihitaji hata kusimama. Bado walikula kidogo na bado walikonda. Kisha wakawanyima chakula kwa muda mpaka wakakonda kupita kiasi. Waliporudishiwa, walikula zaidi, lakini walisimama walipofikia ule uzito uliopungua unaostahili kwa siku ile ya kuatamia. Hawakurudi kwenye unene wa zamani. Maana yake mwili umepangiwa kukonda taratibu, unatumia akiba ya mafuta iliyowekwa kabla, na njaa yenyewe imeshushwa.

Basi usimlazimishe, usimshindilie pumba mdomoni. Lakini usimwache pia bila kitu, ukisema prolaktini itamtunza. Akiba ina mwisho, na kuku aliyeingia kiotani akiwa amekonda tayari hana cha kutumia. Huyo ndiye anayekimbia mayai siku ya 15 au anakufa juu yake. Anapotoka, mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20 hivi, akute nafaka: mtama mzima au mahindi yaliyovunjwa. Nafaka inakaa tumboni muda mrefu na haimharishi. Weka hatua mbili tatu kutoka kiotani, asiweze kuifikia akiwa amekaa, kwa sababu akila palepale atanyea palepale.

Na maji. Dada yangu, najua ninaandika kwa mtu wa uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ina historia ndefu ya miguu na kichwa, na kiangazi kila kikombe kinahesabiwa. Bado nakuomba, kuku huyu asikose maji hata siku moja. Kikombe kimoja kinamtosha. Kukosa chakula siku mbili mwili wake unajua la kufanya, lakini kukosa maji kwenye joto haujui. Wengi wanaokufa wakiatamia kati ya Oktoba na Desemba, wakati watu wote wako mashambani kwenye korosho na nyumbani hakuna wa kuangalia, hufa kwa kiu.

Kinyesi kikubwa kinachonuka nacho kina maelezo mafupi. Anakibana siku nzima ili asichafue kiota, maana ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo vya kupumulia, na uchafu ukiingia humo kiinitete kinaoza. Akitoka anakiachia chote kwa pamoja, na kwa kuwa kilikaa ndani muda mrefu, harufu yake ni kali. Kikiwa cha kahawia, kizito, kimeshikana, ni afya.

Sasa mdondo. Mama mkwe aje asome sehemu hii. Kuku mwenye mdondo huharisha kijani au maji meupe, hupumua kwa shida akifungua mdomo, kamasi hutoka, mabawa huanguka, na wengine shingo hupinda au miguu hupooza. Haishii kwa mmoja. Ndani ya siku chache banda zima linaonyesha dalili, na vifo vinafuatana. Kuku anayeatamia yuko peke yake katika hali yake, wenzake wanachakura kama kawaida. Kipimo cha haraka ni kumkaribia. Mgonjwa amefumba macho, amejikunyata, ukimshika hana habari. Anayeatamia macho yako wazi, makali. Ukinyoosha mkono anajitutumua manyoya, ananguruma kooni, na ukizidi anakudonoa mpaka damu. Huo ukali nao ni mabadiliko yaleyale ya homoni. Na ile sauti ya "ko, ko, ko" ya chinichini anayoitoa akitembea hukuisikia alipokuwa anataga.

Kitu kimoja kinaweza kukuchanganya, nacho ni utitiri. Wadudu hao hujificha kwenye majani ya kiota, usiku humnyonya damu, na upanga hupauka kwa kupungukiwa damu kweli. Utawajua ukipitisha kitambaa cheupe chini ya kiota usiku na kuona vidoti vyekundu vinavyotembea. Wakizidi, kuku huhama na kuyaacha mayai. Choma yale majani, weka mapya makavu, tandika majivu baridi ya jikoni chini yake, na ukipenda changanya majani makavu ya mwarobaini. Nakusihi kwa dhati, usitumie dawa za kupulizia mikorosho. Najua ziko ndani ya nyumba nyingi za Newala na Tandahimba, na zinashawishi kwa sababu zinaua wadudu haraka. Ganda linalopitisha hewa linapitisha na sumu, na ile ngozi tupu ya kifua imelala juu yake saa 23 kwa siku.

Nirudi kwenye ndoo ya jirani. Nikiwa mvulana wa miaka 10 hivi, kijijini kwetu upande wa Masasi, nilitumwa kumtumbukiza mtetea kwenye pipa la maji, mara tatu, asubuhi na jioni, ili aache kuatamia. Siku ya pili jioni kulikuwa na upepo wa Julai. Asubuhi nilimkuta amekauka kwenye kona ya banda. Nilijua ni mimi niliyemuua, na bado najua. Jirani yako hana nia mbaya. Wazo la kupoza lina chembe ya ukweli, kwa sababu tumbo likipoa na likikosa mayai ya kugusa, prolaktini inashuka. Lakini huhitaji maji. Kama una kuku anayekaa kwenye kiota kitupu, au una kuku watatu wanaatamia kwa wakati mmoja na humtaki wa tatu, mweke kwenye tenga au kitundu kilichoinuliwa kutoka ardhini, chenye sakafu ya fito zilizoachana ili hewa ipite chini ya tumbo, mahali penye mwanga, bila majani wala kona ya giza. Mpe chakula na maji ya kutosha. Prolaktini huanza kushuka ndani ya siku moja au mbili tangu anyimwe kiota, na baada ya siku tatu au nne wengi wameacha. Kutaga hurudi baada ya wiki moja hadi tatu, kwa sababu ovari inahitaji muda wa kujaza viini upya.

Huyu wako usimfanyie hivyo. Yuko siku ya 11, amevuka nusu ya safari.

Jambo ambalo hukuuliza, lakini ni lazima niliseme: usishangae mayai yote 13 yasipoanguliwa. Kuku wa kienyeji hatagi kila siku. Mayai 13 humchukua wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo lile la kwanza lilikuwa na umri wa wiki mbili au zaidi alipoanza kulala. Yai lililorutubishwa hutulia kama limelala usingizi likiwa mahali pa baridi, chini ya nyuzi 20 hivi. Newala juu, kwenye baridi ya Juni na Julai, usiku unasaidia. Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa joto la chumba peke yake linatosha kukiamsha kiinitete nusunusu, kikakua kidogo bila joto kamili, kikafa kabla mama hajakaa. Mara nyingine utakapoona mtetea ameanza kutaga, okota mayai kila jioni, mwachie moja au mawili uliyoyatia alama ya mkaa, na haya mengine yahifadhi sehemu ya ndani yenye ubaridi, kwenye chungu chenye mchanga mkavu, ncha nyembamba ikitazama chini, yasizidi siku 7. Ya zamani kaanga. Akishakaa sawasawa siku mbili tatu, mwingizie yale mapya yote kwa pamoja usiku. Hatakataa. Hahesabu, anahisi tu kwamba kuna mayai chini yake. Ndiyo maana atakubali hata ya kanga, ambayo huchukua siku 26 hadi 28, au ya bata mzinga, siku 28 hivi, ingawa kwa hayo ya muda mrefu ningechagua kuku mnene na ningemwangalia kwa karibu.

Usiku wa leo au kesho, funga mlango wa jiko, chukua tochi ya simu, mulika yai mojamoja kwenye upande butu huku umelizingira kwa vidole. Kwa siku ya 11 yai zima litaonyesha giza kubwa na mishipa myekundu inayosambaa, na ukitulia utaona kitu kikitikisika. Likiwa wazi na la njano tu, halikuwa na mbegu au lilikufa mapema sana. Likiwa na duara jekundu kama pete, kiinitete kilikufa siku za mwanzo. Yatoe yote ya namna hiyo, maana viza likipasuka kiotani linaharibu mengine. Tia alama ya mkaa kwenye yaliyobaki, kwa sababu wenzake wanaweza kuingia akitoka na kumwongezea mayai mapya ambayo hayatalingana naye siku.

Kuanzia siku ya 18 usiyashike tena. Siku ya 19 au 20 kifaranga anapasua utando na kuanza kuvuta hewa ile iliyo upande butu wa yai, na hapo sauti inaanza. Weka sikio karibu, utasikia anapiga kelele ndani ya ganda, na mama anamjibu kwa ile "ko, ko" ya chini. Mazungumzo hayo yanamwandaa mama abadilike tena. Vifaranga wakitoka na kumgusa badala ya mayai, prolaktini inashuka haraka, hamu ya kula inarudi, ukali unageukia mwewe na paka, na sauti yake inakuwa ya kuitia chakula. Anadonoa punje, anaiangusha, anawaonyesha. Kifaranga ana kiini tumboni kinachoweza kumtosha siku mbili hadi tatu, kwa hiyo usimtoe mama haraka kiotani wakati wengine bado wanapasua maganda. Lakini wakishatoka wote, maji kwanza, kwenye chombo kifupi chenye vijiwe ndani wasizame, kisha chenga za mahindi, dagaa waliosagwa, na mchwa. Mchwa wa kutegwa kwa chungu chenye mabua na samadi, kama wazee wetu walivyofanya, sijaona chakula cha kuwazidi kwa kifaranga wa kijijini. Zungushia majivu banda lote siku hizo tatu. Siafu wanaijua harufu ya yai linalopasuka kuliko mwewe anavyolijua banda lako.

Chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni, kuku wakubwa wapewe kila baada ya miezi 3 hadi 4. Huyu mwache amalize, usimwondoe kiotani kwa ajili hiyo. Lakini wale wengine banda zima usiwangojeshe, na hapo mama mkwe atakuwa ametusaidia sote kwa wasiwasi wake. Siku zijazo, mtetea aliyechanjwa kabla ya kutaga huwapa vifaranga wake kinga fulani kupitia kiini, ya kuwavusha siku za mwanzo.

Sasa swali lako la mwisho: atataga tena? Atataga, na muda unautegemea wewe. Ukimwachia vifaranga mpaka miezi miwili au mitatu kama tulivyozoea, atabaki mlezi, ovari itachelewa, na mwaka mzima atazunguka mara tatu hivi: kutaga, kuatamia, kulea. Ukiwatenga vifaranga wakiwa na wiki 4, ukawapa banda lao lenye joto usiku na chakula cha uhakika, mzunguko unafupika na anaweza kukuzungukia mara nne au zaidi. Mimi ningekushauri wiki 4 kama tu una hakika na chakula na chanjo. Kama huna, mwachie mama yao, kwa sababu hakuna banda linalomshinda mama anayejua kufunika kwa mabawa. Na baada ya mzunguko huu mlishe vizuri mwezi mzima: dagaa, mashudu ya ufuta kidogo, majani mabichi, aweke ile akiba aliyoitumia. Manyoya ya kifua yataota upya. Upanga utazame kila wiki. Siku utakapouona unaanza kurudisha wekundu kuanzia shinani, hesabu wiki mbili au tatu, umwandalie kiota.